Pimbi na Marimba Isiyotaja Jina

Paukwa!

Pakawa!

Mwenye kikohozi akohoe sasa, mwenye swali alishike mkononi. Wakubwa kaeni, watoto sogeeni. Leo nimebeba marimba.

Ishushe tuisikie.

Hapo zamani za kale, wanyama walipokuwa na magulio yao na harusi zao, palikuwa na nchi ya majabali. Jabali huku, jabali kule, na katikati yake mto. Juu ya jabali lililoyazidi mengine yote kwa urefu aliishi Pimbi. Pimbi huyo alikuwa jike, na mwanawe wa kwanza aliitwa Kokoto, kwa hiyo wote wakamwita Mama Kokoto. Mumewe akawa Baba Kokoto. Walikuwa na watoto watatu.

Mnamjua pimbi? Mnyama mdogo. Masikio mafupi, miguu mifupi, mkia hana. Anakula majani, anaota jua juu ya mawe. Ukimwona mara ya kwanza utadhani ni panya aliyeshiba.

Lakini Mama Kokoto alikuwa na marimba. Aliichonga mwenyewe, kwa meno yake. Vibao vinane vya mti mgumu, kila kimoja kifupi kuliko mwenzake, na chini ya kila kibao kibuyu kikavu. Akishika vifimbo viwili, marimba hulia: ndi-ndi-ndo. Ndi-ndi-ndo.

Na nyimbo alitunga mwenyewe. Aliwaona siafu wakivuka jabali, akatunga wimbo wa siafu: tiki-tiki-tiki-tiki. Aliona wingu likiburuta kivuli chake juu ya mawe, akatunga wimbo wa wingu: ndooo, ndooo. Kila kitu alichokiona kilimwingia masikioni kikatokea mikononi. Ila nyimbo zake hazikuwa na maneno. Hata neno moja.

Sasa sikilizeni. Katika nchi ile aliyekula kwa muziki alikuwa mmoja tu, naye ni Kasuku. Kasuku aliimba majina. Akialikwa kwa Nyati, huimba Nyati mwenye pembe, Nyati mwenye nguvu. Akialikwa kwa Tembo, huimba Tembo mlima, Tembo baba wa nchi. Aliyeimbwa hufurahi, hutoa. Kasuku alikuwa mnene kweli.

Basi mwaka mmoja mvua ikakataa. Majani yakakauka. Mto ukakauka, ukabaki mchanga mtupu. Juu ya jabali, familia ya Pimbi ikala majani ya karibu, yakaisha. Ikala magome, yakaisha.

Asubuhi moja Baba Kokoto akashuka bondeni kutafuta chakula. Alirudi adhuhuri na fungu dogo la majani mdomoni na mgongo umechanika. Tai mweusi alimshukia. Kama si ufa wa mwamba aliojitupa ndani yake, asingerudi.

Mama Kokoto akamlamba jeraha. Baba Kokoto akasema, "Mke wangu, huku kumekwisha. Tuhame. Ngiri ana mashimo matupu kule bondeni, tutamwomba moja."

"Kule bondeni kuna Tai."

"Na huku kuna njaa."

Mama Kokoto akageuka. Akawatazama watoto. Akaitazama marimba. Kisha akasema, "Nipe mwezi mmoja. Miguu yetu ni mifupi, hatuwezi kuyafuata majani. Basi majani yatufuate sisi. Nitapiga marimba, na wenye miguu mirefu watatuletea."

Baba Kokoto alitaka kucheka, ila mgongo ulimuuma. "Nani atatoa jani kwa wimbo usiosema kitu?"

"Unasema. Hausemi kwa maneno, lakini unasema."

"Mama Kokoto."

"Mwezi mmoja tu, Baba Kokoto. Kazi hii naijua."

Baba Kokoto akashusha pumzi. "Haya. Mwezi mwingine ukiandama, tunahama."

Chini ya jabali lile palikuwa na gulio. Kila siku ya saba wanyama walikutana pale kubadilishana walivyo navyo, huyu mizizi, yule asali. Mama Kokoto akashusha marimba yake, akakaa penye njia, akapiga. Ndi-ndi-ndo. Ndi-ndi-ndo.

Akaja Pundamilia. Akasimama, akatikisa shingo, akatikisa mkia. Akauliza, "Wimbo mzuri. Unamsema nani?"

"Haumsemi mtu," akajibu Mama Kokoto.

"Haumsemi mtu?" Pundamilia akaenda zake.

Akaja Nyani. Akasimama, akacheza kidogo kwa mabega. Akauliza, "Unamsema nani?"

"Haumsemi mtu."

Nyani akaenda zake.

Akaja Swala, akaja Nguruwe, akaja Mbuni. Wote walisimama, wote walitikisika, wote waliuliza neno lilelile, na wote walikwenda zao. Jua lilipofika utosini alikuwa na jani moja, tena lililoliwa na wadudu, alilopewa na Kobe. Kobe alikaa asubuhi nzima akisikiliza, macho yamefumbwa.

Mama Kokoto alijisikiaje? Aliumia. Lakini angalieni alichokiona. Hakuna aliyepita bila kusimama. Mkononi hawakutoa kitu, ila miguu yao ilikuwa imekwisha kukubali. Akasema moyoni, "Wimbo unafika. Bado sijajua mahali pa kuupeleka."

Wakati anafungasha, pa! Kasuku akatua juu ya kibao kirefu.

"Shangazi," akasema Kasuku, "una mikono ya ajabu. Ila unapika bila chumvi. Majina ndiyo chumvi. Nyati anamwoza binti yake kesho kutwa. Wewe piga, mimi nitaimba majina. Tukitoka pale tumebeba."

Mama Kokoto akafikiri. Aliwafikiria watoto watatu. Akakubali.

Siku ya harusi wakaenda. Nyati alikuwa amewaalika wote, Tembo akiwa mbele. Mama Kokoto akapiga wimbo wake wa wingu, wimbo aliokaa nao siku nyingi kabla haujatulia. Kasuku akapanda juu yake. "Nyati weee, Nyati mwenye pembe, Nyati mwenye nchi." Akapaza sauti, akapaza tena. Mama Kokoto alipiga, lakini hata yeye mwenyewe hakuisikia marimba yake.

Kasuku akaimba Nyati mara kumi. Kisha akamkumbuka Tembo, akamwimba mara mbili. Tembo akasimama. Masikio yake yakafunguka, paa. Akasema polepole, "Leo mimi ni wa pili, tena wa mara mbili." Akaondoka, na ukoo wake wote nyuma yake. Vumbi likajaa uwanjani.

Tangu siku hiyo Tembo na Nyati hawakusalimiana.

Mama Kokoto alipewa fungu moja la majani. Kasuku alipewa mengine yote. Mama Kokoto akalipeleka fungu lake nyumbani, watoto wakala, wakalala wameshiba. Baba Kokoto akasema, "Umeona? Majina yanalisha."

"Yamelisha leo," akasema Mama Kokoto. "Lakini pale sikupiga muziki. Nilimshikia Kasuku ngazi apande. Sirudi tena."

"Basi utaishije?"

"Siku kumi bado zipo."

Kiu sasa ikazidi njaa. Madimbwi yote yakakauka. Wanyama wakakutana mtoni, wakakubaliana wachimbe kisima kwenye mchanga, maana maji yalikuwa chini, wote waliyanusa. Wakagawana kazi. Tembo achimbe katikati kwa pembe na mkonga. Ngiri na wenzake wapige magoti, wakokote mchanga juu. Nyati na ukoo wake washindilie kingo kwa kwato zisiporomoke. Kasuku aimbe, kazi iende.

Kasuku akaanza na Nyati. Tembo akasimamisha mkonga. Kazi ikalala.

Kasuku akaanza na Tembo. Nyati akakaa chini. Kazi ikalala.

Kasuku akawachanganya, Tembo-Nyati, Nyati-Tembo. Ngiri akainua kichwa, mchanga umejaa kwenye ndevu, akasema, "Na sisi tunaokokota, hatuna majina?" Akakaa.

Waliporudi kazini, kila mmoja alifanya lake kwa wakati wake. Nyati alikanyaga kingo Tembo angali anachimba chini. Gu! Mchanga ukaporomoka, poroporo, shimo likajaa, Ngiri akafukiwa mpaka shingoni. Wakamfukua. Siku ya pili hivyohivyo. Siku ya tatu hivyohivyo.

Mama Kokoto alikuwa juu ya jabali. Siku zote tatu alikuwa pale tangu jua linapochomoza, anatazama mtoni. Hakuwa akitazama ugomvi. Alikuwa akitazama miguu.

Alimwona Tembo: akizamisha pembe, akiinua, anahesabu pumzi mbili nzito. Ndooo, ndooo. Alimwona Ngiri: magoti chini, kokota-kokota-kokota, mara tatu za haraka. Tiki-tiki-tiki. Alimwona Nyati: kwato moja nzito. Ndu. Akaona pia walipokosea. Nyati akikanyaga kabla Ngiri hajatoa mchanga, shimo linajaa. Akikanyaga baada yake, kingo zinakaza.

Akaivuta marimba. Akapanga. Ndooo, ndooo ya Tembo. Tiki-tiki-tiki ya Ngiri. Ndu ya Nyati. Akapiga, hakuridhika. Ilikuwa ya haraka mno, Tembo angechoka. Akapunguza. Ikawa nzito mno, Ngiri angesinzia. Akaongeza kidogo. Aliifuta, akairudia, akaifuta, akairudia, mpaka Baba Kokoto akauliza, "Unatafuta nini humo?"

"Pumzi yao," akasema. "Nimeipata. Nishikie ncha ile, tunashuka."

"Tunashuka wapi?"

"Mtoni."

Baba Kokoto akatazama juu. Anga lilikuwa jeupe, halina wingu. Mgongo wake ulikuwa bado na kovu bichi. Lakini alimwona mkewe usoni, akaona hana wasiwasi. Akashika ncha ile.

Wakashuka. Toka jabalini mpaka mtoni ni uwanda mtupu, hakuna kichaka, hakuna jiwe. Miguu yao mifupi, marimba nzito. Hatua, hatua, hatua. Walipofika katikati, kivuli kikapita juu ya mchanga. Kikarudi. Kikawa kikubwa.

"Chini," akasema Mama Kokoto. "Chini ya marimba."

Wakaingia chini ya marimba, katikati ya vibuyu, wakajikunja. Tai akashuka, vuuu, kucha mbele. Kucha zikagonga vibao vyote kwa pamoja: NDAAANG! Vibuyu vinane vikaunguruma. Tai hakuwahi kusikia mawindo yanayolia namna ile. Akashtuka, akapiga mabawa, akapaa, akaenda zake mbali huku kucha zinamwasha.

Baba Kokoto akatoka, akakagua vibuyu. Kibuyu kimoja kilikuwa kimepasuka. Mama Kokoto akakitazama, akasema, "Saba vinatosha. Shika ncha."

Mtoni wakawakuta wanyama wamekaa makundi makundi, wamepeana migongo. Mama Kokoto akaweka marimba ukingoni mwa shimo.

"Nimekuja kupiga," akasema. "Mkiufuata muziki wangu mtayafikia maji. Ila kwanza tupatane ujira."

Nyati akageuka. "Pimbi, wewe hata kuchimba huwezi."

"Siwezi. Ninyi mnaweza, na mmechimba siku tatu. Maji yako wapi?"

Tembo akauliza, "Unataka nini?"

"Kila siku ya kazi, mzigo mmoja wa majani mabichi kutoka milimani mnakofika ninyi, uletwe mpaka juu ya jabali langu. Na kila atakayeniita baada ya leo, harusini au msibani, atalipa hivyohivyo."

"Maji yasipopatikana?"

"Nisipewe hata jani."

Tembo akatazama marimba muda mrefu. Kisha akauliza lile swali ambalo wote walikuwa wanalingoja. "Huo wimbo wako unamtaja nani kwanza?"

"Haumtaji yeyote."

Nyati akamtazama Tembo, mara ya kwanza tangu harusi. Kama hakuna anayetajwa, hakuna wa kwanza. Kama hakuna wa kwanza, hakuna wa pili.

Ngiri ndiye aliyesema, "Piga basi. Mimi nina kiu."

Kasuku akafungua mdomo. Tembo akamwambia, "Wewe pumzika."

Mama Kokoto akashika vifimbo. Ndooo, ndooo. Tembo akazamisha pembe, akainua, hakujua hata kwa nini. Tiki-tiki-tiki. Ngiri akapiga magoti, akakokota, kokota, kokota. Ndu. Kwato ya Nyati ikashuka yenyewe, kingo zikakaza. Ndooo, ndooo, tiki-tiki-tiki, ndu. Ndooo, ndooo, tiki-tiki-tiki, ndu.

Mchanga uliotoka haukurudi. Shimo likazama mpaka magoti ya Tembo. Likazama mpaka tumbo. Jua likawa kali, Mama Kokoto akapunguza mwendo, nao wakapunguza. Upepo ukapita, akaongeza kidogo, nao wakaongeza. Wale waliokuwa wamekaa pembeni, Nyani, Pundamilia, Mbuni, wakaanza kuondoa mchanga wa juu bila kuambiwa. Mikono ya Mama Kokoto ikatoka malengelenge. Baba Kokoto akavizungushia vifimbo gome laini, naye mkewe akaendelea.

Siku ya kwanza mchanga mkavu. Siku ya pili mchanga wa baridi. Siku ya tatu, kabla jua halijasimama, Ngiri akakokota, akaona pua yake imelowa. Akasimama. Akalamba. Akasema kwa sauti ndogo, "Maji."

Maji yakaja, chururu, chururu, yakajaa mpaka kwenye vifundo vya miguu. Watoto wa wanyama wakanywa kwanza, kisha wazee, kisha waliochimba. Tembo akanywa. Alipomaliza akajaza mkonga, akamsogelea Nyati, akammiminia mgongoni. Nyati akatikisa mwili, akasema, "Asante, bwana." Hayo tu. Yakaisha.

Jioni hiyo Tembo akaja ukingoni, akainama mpaka sikio lake likamfunika Mama Kokoto. Akanong'ona, "Ule wimbo ulikuwa wangu, sivyo? Niliusikia. Ndooo, ndooo. Ni mimi yule."

"Kama umejisikia humo, basi umo," akasema Mama Kokoto.

Baadaye akaja Nyati, akatazama kama kuna anayemsikia. "Ile ndu. Yule ni mimi."

"Kama umejisikia humo, basi umo."

Akaja Ngiri. Akaja Mbuni. Akaja hata Swala, ambaye alikuwa akibeba mchanga tu, akasema wimbo ule ulikuwa mbio zake za utotoni. Mama Kokoto akawajibu wote jibu lile lile, na hakumdanganya hata mmoja.

Mizigo ya majani ikapanda jabali, mmoja kwa kila siku ya kazi, kama walivyopatana. Na ikaendelea kupanda. Twiga alipofiwa na mama yake alimwita Mama Kokoto. Akapiga wimbo mpole, kila mfiwa akalia lake. Nguruwe alipomwoza bintiye, akamwita, akapiga wa furaha, kila mchezaji akacheza lake. Safari hizo Tembo alitoa mtoto wake mkubwa amtembeze chini ya tumbo, Tai asimfikie. Watoto wa jabalini wakanenepa. Habari ya kuhama haikusemwa tena.

Kasuku naye? Hakufa njaa. Wapenda majina wapo siku zote. Lakini siku moja alikuja jabalini, akatua mbali kidogo, akasema, "Shangazi, nifundishe kunyamaza." Mama Kokoto akamwonyesha mahali pa kukaa, akaanza kupiga, na Kasuku akasikiliza wimbo mzima kwa mara ya kwanza.

Mwaka ule mvua ziliporudi, Nyati akawa anamwoza binti wa pili. Akaja mwenyewe mpaka chini ya jabali, amebeba mizigo kumi mgongoni. Akaita, "Mama Kokoto. Nataka uje harusini. Mizigo yote hii ni yako. Ila safari hii weka jina langu, hata mara moja tu, mwishoni. Kumi hii, na kumi nyingine kesho."

Mizigo kumi. Wenye nyumba mnajua maana yake.

Mama Kokoto alikuwa ndani, anatunga. Aliyetoka ni Baba Kokoto. Akasimama ukingoni mwa jabali, mdogo, hana mkia, akamtazama Nyati chini.

"Mzee," akasema, "mke wangu haweki majina. Anapiga muziki. Bei yake ni mzigo mmoja kwa siku, nawe unaijua. Weka mmoja hapo, tisa rudi nayo, na kesho kutwa tutakuja."

Nyati akasimama. Akafikiri. Akateremsha mzigo mmoja, akageuka na tisa yake, akaondoka. Na kule ndani marimba ikaendelea, maana wimbo wa harusi ulikuwa bado haujatulia.

Wasikilizaji wangu, funzo ni hili. Kazi ya sanaa ni kazi. Anayeijua aitunge kwa jasho, aitajie bei yake bila haya, wala asiuze jina la mkubwa badala ya muziki wake. Na muziki usiomtaja mtu, kila mtu anaweza kuingia humo akapata nafasi.

Hadithi yangu imeishia hapo, marimba nimeiweka chini. Atakayeiokota, aipige kwa mkono wake mwenyewe.